Waya kwenye Boliti za Breki

Durban,
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unasoma ukiwa umeketi, maana nimemsihi mjomba Gaspari asikupe barua hii ukiwa umesimama jikoni. Mguu unaendeleaje? Na mahindi, yameota, au mvua imewachezea tena? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaojua mwenyewe hali yake tangu tulipompoteza mdogo wangu Deo. Simu zangu hupokei toka siku ya mazishi, ndiyo sababu nimeshika kalamu, kazi ambayo unajua tangu shuleni haikuwa yangu.

Mjomba alifika salama na unga, dagaa wa Nyasa na ile chupa ya maji ya baraka. Nikamwekea chai, akaikataa mpaka atue mzigo wa maneno kwanza.

"Fide, dada kanituma neno moja tu. Pikipiki imeshamlia mtoto mmoja. Uache hiyo kazi, unawe mikono kwa maji haya, ndo akuite mwanaye tena." Kisha akaongeza, "Mimi mjumbe tu, mjomba wangu, usinitazame hivyo."

Nililia mbele yake, mama. Mzee wa watu akabaki anahangaika na kofia yake, anaivua, anaivaa.

Sasa nikueleze yote, ndipo uniamulie.

Mjomba alinikuta katikati ya kazi. Bosi wetu wa gereji alikuwa amenunua pikipiki ya zamani ya barabarani, cc mia sita hamsini, silinda mbili, akaniambia niigeuze iwe ya mashindano. Nimevua taa, vioo, stendi, kila kitu kisichosaidia kukimbia. Injini niliifungua yote mezani. Vali nimezisaga moja moja mpaka zikakaa sawasawa, silinda hedi nimeipunguza uso ili mgandamizo uongezeke, pistoni nimezipima kwenye mizani zilingane uzito. Ugumu wa silinda mbili ni kuzifanya zivute hewa kwa kiasi kimoja. Moja ikizidi, injini inatetemeka na dereva anakufa ganzi mikono. Deo angeipenda kazi hii. Angekaa pembeni na masikio yake yale, aniambie, "Kaka, ya kushoto inalalamika," na kweli ningekuta ni ya kushoto.

Huku kuna sheria moja. Pikipiki haiingii uwanjani mpaka boliti za breki zitobolewe vichwani na kufungwa waya, ili hata zikilegea zisitoke. Mkaguzi anapita anazigusa kwa kidole. Siku niliyofunga zile za mbele nilifungua na kufunga upya mara tatu, kwa sababu mjomba alikuwa ameshanisimulia alichokiona barabara ya Njombe, karibu na Madaba, pale Deo alipoangukia. Alikuta breki ya mbele ya pikipiki ya Deo inaning'inia, boliti moja haipo kabisa, ya pili imeshikilia kwa mzunguko mmoja tu wa uzi wake. Mama, waya usiozidi kiganja changu ungemrudisha mwanao nyumbani. Nilipokuwa nyumbani Mfaranyaki pikipiki ile niliikagua mimi kila Jumapili baada ya misa, na wewe ulikuwa unatugombeza kwamba chakula kinapoa. Nilipoondoka, nani alikuwa anaikagua? Hilo nalala nalo, naamka nalo.

Maji yako sikunawa. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Uwanjani hawaruhusu ile dawa ya kupoza injini, maana ikimwagika barabara inateleza na kuwaangusha wa nyuma. Rejeta inatiwa maji matupu. Basi asubuhi ya mashindano nikayamimina yote humo, nikafanya ishara ya msalaba. Sipho, kijana anayetuendeshea, akauliza haya maji ni ya wapi. Nikamwambia ya Songea. Akacheka, akasema leo basi tunakimbia na mizimu ya Wangoni. Hawa Wazulu tangu wasikie sisi ni akina Nyoni, jina lililoko hata kwao, wanadai sisi ni ndugu zao tuliopotea njia.

Injini iliimba, mama, siwezi kukuficha. Lakini mzunguko wa pili, kwenye kona, mshindani mwenzake akamgonga Sipho kwa nyuma. Pikipiki ililala, ikaburuzika hadi kwenye nyasi, na maji yako yakamwagika yote pale. Nilikimbia. Aliyelala chini nilimwona ni Deo. Nakuapia, nilimwona kwa sura yake. Nikaita jina lake kwa sauti, na watu wakageuka.

Sipho akainuka, mfupa wa bega umevunjika, anatukana. Nikaigeukia breki. Boliti zipo, waya haukukatika.

Mama yake Sipho alishuka kutoka jukwaani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hakumwendea mwanaye kwanza, alinijia mimi. Kwa Kizulu changu cha kuungaunga nilimwelewa.

"Ni chuma kilichomwangusha, au ni mtu?"

"Ni mtu, mama. Chuma kiko salama."

Akanishika mikono yote miwili, na oili ile, akalia. Nami nikalia naye, ila si kwa ajili ya Sipho.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni kwamba siachi. Yule mama alikuwa na mtu wa kumwuliza. Wewe ulifika Madaba ukakosa. Kama kwa jibu hili bado utaniona si mwanao, nitavumilia, ingawa sijui nitavumilia vipi. Nakuomba tu usiniache.

Nimempa mjomba roli nzima ya waya, plaizi na keke ya kutobolea boliti. Kutoboa na kufunga nimemfundisha mwenyewe, ameharibu boliti tano lakini sasa anaweza. Aanze na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha Msamala, na wakimcheka aendelee kufunga.

Nisalimie mama mdogo wa Msamala, na shangazi, umwambie shuka aliyoniagiza nimeipata. Wana jumuiya wote waliokesha nanyi msibani nawashukuru. Shemeji Skola mpe pole yangu upya, kwa sababu ile ya simu ilikatika katikati. Mjomba ananiambia mtoto wake na Deo ameanza darasa la kwanza, na kuna kijana wa bodaboda, rafiki wa marehemu, amejitolea kumpeleka shule kila asubuhi bila malipo. Mshukuruni sana kijana huyo kwa niaba yangu, ana moyo mzuri.

Lakini mtoto aende kwa miguu.

Mwanao aliyebaki,
Fide