Vifaranga Chini ya Kiondo

Kwa mjukuu wangu Shiru,

Huku Kinoo baridi ya Julai imeingia hadi kwenye blanketi. Babu yako anakohoa tu. Magorofa ya jirani yametuzibia jua, na tangu tumzike dada yako, hata pazia sina haja ya kulifungua.

Umeniuliza watoto wake watakukubali lini. Sijui, mama.

Nilipokuwa msichana, mbwa alimuua kuku wetu mwenye vifaranga, Julai kama hii. Mama alikuwa na kuku mwingine, aliyekuwa ameatamia mayai viza. Alivisugua vifaranga kwa nyasi za kiota chake ili vinukie kama yeye, akavisukuma chini yake, akamfunika kwa kiondo kikubwa, gizani. Kuku akavidonoa. Mama akavirudisha.

"Wacha wazoeane," akasema.

Alipofunua kiondo, kuku alikuwa amevitandazia mabawa. Tulifurahi. Lakini kuku huyo alipovitoa nje uani, kuku wengine walivishambulia, na vilivyopona vikauawa na baridi kimoja kimoja. Yule kuku aliendelea kuvilalia vikiwa vimekufa, hadi mama akamwondoa kwa nguvu.

Sina faraja ya kukupa. Kuku yule alidanganywa na giza na harufu. Wewe uliwachukua ukijua si wako, na unajua wanakudonoa.

Wakisukuma sahani, wapashie tena chakula. Lakini wakilia wakimwita mama yao, tafadhali usiwanyamazishe. Mimi pia bado namwita.

Shosho yako