Milima ya Bluu ya Kwetu

Jumapili, Kansanga

Miguu imevimba kwa safari, lakini bado ninacheka peke yangu.

Leo kwaya yetu ilikwenda kutalii Ziwa Albert. Kiongozi wa watalii akanyoosha fimbo ng'ambo: "Ile ndiyo milima ya bluu ya Kongo." Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikanuna. Bluu! Nimelima maharage kule mimi. Ni ya kijani, na udongo wake mwekundu.

Nikajitenga, nikampigia Mama, aliyebaki ng'ambo hiyo. Miaka sita hatujaonana, na kwa karatasi zangu za ukimbizi siwezi kuvuka. Tulikuwa tumepanga kila mmoja asimame ufukweni kwake. Nikamwambia wanavyoiita milima yetu. Akacheka hadi akakohoa. "Huku kwetu, ya Uganda ndiyo bluu!"

Kile kikohozi sikukipenda. Kesho nitamuuliza kaka anayeishi naye.

Kisha akasema, "Nipungie mkono." Nikavua kitenge nilichojitanda, nikakipunga kwa mikono miwili, ingawa ng'ambo huwezi kuona hata nyumba, sembuse mtu.

"Niko nakuona," akasema. "Umekonda."