Filamu Yako Imefika Ipole

Mdogo wangu Wilbroad,

Sisi wazima, na nyuki wameingia vizuri mizingani. Ile filamu ya baba uliyoipiga hapa ulipokuja likizo, ukaimalizia huko Australia, tumeionyesha ukumbini kanisani. Baba alikaa mbele kabisa, na koti lake la Pasaka. Alipoonekana akirina asali, wanawake walipiga vigelegele. Mara ukatokea wewe, unalia kaburini: “Hapa amelala marehemu baba yangu.”

Wilbroad! Kaburi lile ni la babu! Ulitaka Wazungu wakuonee huruma? Ukumbi mzima ulimgeukia baba. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka.

Tangu siku ile nikimpa shikamoo, ananitazama tu. Leo ndiyo amefungua kinywa: “Marehemu haitikii salamu.”

Njoo umwamkie wewe uliyemuua.

Dada yako,
Leonia