Gari Nililoliwasha Kabla ya Kipimo

Jumapili, Julai inaisha. Karatu, mchana.

Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi. Nimevaa makoti mawili na baridi bado naisikia mifupani. Kwetu Nachingwea mtu akivaa hivi ataulizwa kama ana malaria.

Leo sina kazi. Ndiyo mbaya zaidi, maana mikono ikikaa bure, kichwa kinazunguka.

Nimefanya kosa, na tunaolijua ni mimi na fundi Tluway tu, yule aliyenifundisha kazi.

Mimi ni kibarua kwenye gereji ya magari ya watalii. Tangu mwanzo wa mwezi tunaye mtafiti, dada Ndeshi, aliyekuja na masega yake. Masega ni kile kipande cha ndani ya bomba la moshi, chenye matundu kama ya nyuki, kinachosafisha moshi. Madereva wengi hapa wanayang'oa, wanasema yanalibana gari likipanda mlima wa kwenda kreta, kule kwenye wanyama. Dada Ndeshi ametengeneza ya aina yake, yenye madini ya bei nafuu, akayafunga kwenye gari moja kuukuu la petroli. Anataka kujua yanaanza kazi mapema kiasi gani gari likiwashwa likiwa la baridi. Kila siku saa moja asubuhi anaunganisha vipimo vyake, mimi nawasha.

Niliishia kidato cha pili, lakini alinieleza nikaelewa. Juu ya yale madini kuna kama viti vidogo mno. Moshi wa sumu unakaa, oksijeni inakaa jirani yake, vinaungana, vinaondoka vikiwa si sumu tena. Shida ni asubuhi ya baridi: ule moshi unajaza viti vyote na hautaki kunyanyuka, oksijeni inakosa pa kukaa. Kompyuta yake inapiga hesabu nani anakaa kwa kasi gani na nani ananyanyuka kwenye joto gani. Hesabu hiyo ndiyo inayomwambia safari ijayo achanganye madini gani, asibahatishe.

"Kama zahanati," nilimwambia. "Mgonjwa mmoja kajilaza benchi zima."

"Kaka Bakari, wewe ungekuja kutufundishia chuoni," alisema. Nilitembea na maneno hayo siku nzima.

Sasa shida. Hesabu yake ilisema masega yataamka, yaani yataanza kusafisha, yakishapata joto kali. Vipimo vikasema yanaamka mapema sana. Alihangaika wiki nzima, mwisho akaamua kwamba hesabu ndiyo iliyokosea. Akapunguza ile nguvu ya moshi kung'ang'ania kiti, na Ijumaa mstari wa hesabu kwenye kompyuta ukalingana na vipimo vyote. Alipiga kelele za furaha. Alitununulia soda gereji nzima. Kesho anatuma matokeo chuoni ili watengeneze masega mapya kwa hesabu hiyo. Madini waliyonayo, alisema, yanatosha mara moja tu.

Soda yangu niliiweka chini bila kuimaliza.

Kwa sababu kila siku saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaliwasha lile gari.

Sikufanya kwa ubaya. Hapa gari la kupanda kreta huliamshi na kulipeleka mlimani papo hapo. Unaliwasha kabla hapajakucha, linanguruma robo saa, unalizima, dereva akija linaitika mara moja. Ndivyo fundi Tluway alivyonifundisha, na ukisahau unatukanwa. Nikawa naliwasha na la dada Ndeshi, lisije likamwaibisha. Alishasema mtu asiliguse mpaka afike, lakini mimi kulipasha moto nilikuona kama kulifuta vumbi. Kufika saa moja bomba lilikuwa limepoa, kipimo chake cha joto hakikuona kitu. Ila injini ndani ilikuwa bado na uvuguvugu, na nadhani vile viti vilikuwa vimeshafagiliwa, ndiyo maana masega yakaonekana yanaamka mapema.

Jana nilimweleza fundi Tluway.

"Nyamaza wewe," alisema. "Mtu anacheka, unataka kumpelekea msiba? Jumatano anaondoka, habari imekwisha." Alipofika mlangoni akageuka. "Na ukisema, mimi usinitaje."

Yule dada ndiye aliyeniombea nibaki na kibarua hapa gereji. Nikisema, naweza kurudi Nachingwea mikono mitupu. Nisiposema, madini yake yataishia kwenye kitu kisichofanya kazi, na wenzake watamcheka yeye.

Naenda kwake. Nikiendelea kukaa hapa nitajitungia sababu nyingine.

Saa kumi jioni. Nimerudi.

Nilimkuta uani anafua. Nilimwaga yote kabla hajanikaribisha.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, dada."

"Hata ile Jumanne ya manyunyu?"

"Ile niliwasha mara mbili."

Alikaa juu ya ndoo, mikono ina povu. Nilisubiri anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Kwa hiyo hesabu ya kwanza huenda ilikuwa sahihi," alisema polepole. "Ni masega yangu ndiyo si lolote."

Nikamwambia pole. Lilikuwa neno dogo mno.

Akaingia ndani, akarudi na daftari, akaanza kuniuliza siku moja baada ya nyingine niliwasha dakika ngapi. Nyingine nilikumbuka. Nyingine nilitamani kubuni ili nimridhishe, lakini nikajizuia, nikasema sikumbuki. Kila niliposema hivyo aliweka alama ya kuuliza. Ukurasa ulijaa alama za kuuliza.

"Kesho situmi kitu," alisema. "Na wewe usiliguse. Hata kulifuta vumbi, kaka Bakari."

Hakusema kama wiki ijayo nina kazi. Sikuthubutu kuuliza.

Kesho saa moja dada Ndeshi ataliwasha mwenyewe lile gari likiwa la baridi kweli, kwa mara ya kwanza. Litakohoa. Huenda likagoma mbele ya watu wote, na fundi atanitazama. Mimi nitakuwa nimesimama tu, mikono mifukoni.

Je, nitaweza kutoligusa?