Shati la Bluu la Baba Ritsuki

Kurayoshi,
14 Aprili 2019

Mpendwa Wifi Kazuyo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Brazili, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi tunakula, tunalala. Mama yako anakohoa kidogo tu. Mimi nikiulizwa najisikiaje nasema sijambo.

Ritsuki ameanza darasa la kwanza Jumatatu, shule ile ile ya wavulana aliyosoma baba yake. Kofia inamfunika masikio.

Wifi, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Unakumbuka pale kila mtoto mpya huenda na kitambaa cha kupigia deki, mama anakishona kutokana na nguo ya baba. Mimi nilinunua dukani, nikajiambia hawatajua. Mwalimu Onodera, mzee yule aliyemfundisha hata kaka yako Shinpei, alikipapasa akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema shule ilipoungua wakati wa vita waliijenga upya bila hata tambara la sakafu, ndipo wavulana wakaleta mashati ya baba zao. "Na wengi wa baba hao, mama, hawakurudi."

Sikulia. Niliinama, nikaenda kununua tofu ya chakula cha jioni.

Tangu Shinpei afariki Novemba sijagusa nguo zake. Nilitoa shati la bluu, lile ulilomletea harusini kwetu, maana ndilo lililolainika. Nikakaa nalo na mkasi siku mbili. Mama akachungulia: "We Mizue, unangoja lijikate lenyewe?" Nikakata. Nilidhani nitasikia uchungu. Nilisikia mkasi tu.

Nisamehe, wifi. Kola na vifungo nimekutilia humu kwenye bahasha.

Nikishona, Ritsuki akauliza, "Mama, baba si atalowa?"

"Atalowa."

"Halafu?"

"Halafu tutamwanika."

Akaridhika, akaomba biskuti.

Ijumaa wazazi tuliitwa kutazama. Watoto walijipanga, makalio juu, wakasukuma vitambaa mbio hadi mwisho wa ukumbi. Wetu alifika wa mwisho, akicheka. Kisha akakitundika msumarini mwenyewe, akanyoosha mikunjo kwa viganja, vile vile Shinpei alivyokuwa akianika mashati. Hakuna aliyemfundisha. Hapo, wifi, ndipo nilipolia.

Wasalimie Shemeji Nobuo na mwanenu Emiko. Mama anasema uache kubeba vitu vizito. Wahenga wetu wawatunze huko mliko.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja,

Mizue