Divai ya Bruda Anselmo Tuliyoitikisa Kama Mbege

Ndugu mshauri, pokea salamu kutoka Kariakoo, naomba unisaidie maana nina jambo limenikwama kooni. Mume wangu Isidori ni seremala, na ufundi wake wote alifundishwa na Bruda Anselmo, Mhispania wa misheni ya kwetu Kilimanjaro, aliyemchukua alipofiwa na baba, akamlisha, akampa randa yake ya kwanza, na hata karakana tuliyo nayo hapa mjini isingekuwapo bila yeye, sasa Bruda amezeeka anarudi kwao mwisho wa mwezi huu, akapita kwetu akatuachia chupa ya divai nyekundu ya kwao, ya mwaka 1952, akasema ameitunza tangu aje Tanganyika akingoja siku ya maana. Jumapili Isidori alimwita kaka yake Pantaleo wainywe, na kabla ya kumimina akaitikisa chupa kwa nguvu, kama tunavyokoroga mbege, pombe yetu ya ndizi, ili ulezi usibaki chini, ikatoka imechafuka kama maji ya mto wakati wa masika, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, akampitishia kaka yake. Shemeji akatema.

"Mdogo wangu, hii ni divai au ni maji uliyooshea brashi ya vanishi?"

"Ni ya zamani, kaka."

"Basi mzungu wako amekupa iliyomshinda."

Tangu hapo mume wangu anasema haendi uwanja wa ndege kumsindikiza mtu aliyemdharau. Lakini mshauri, asubuhi yake nilikuta nusu chupa imetulia, nikamimina kidogo kwenye kikombe nikaonja, nayo ilikuwa laini, ina harufu ya zabibu kavu na mbao za zamani na tumbaku kwa mbali, ladha ikakaa mdomoni mpaka nikamaliza kufagia uani, nikaketi kwenye kigoda nikamshukuru Bruda peke yangu. Je, nimwambie mume wangu kuwa kosa ni la mkono wake? Ni mtu wa kuona haya, na shemeji atamcheka. Nikinyamaza, Bruda ataondoka hajaagwa.

Winifrida, Kariakoo

Winifrida,

Ulimi wako haukukudanganya. Divai iliyokaa miaka mingi hivyo hujitenga: mashapo machungu hushuka chini, iliyo safi hubaki juu. Mbege hukorogwa kwa sababu ulezi ni sehemu ya kinywaji. Divai ya umri huo husimamishwa wima siku nzima, humiminwa polepole, na mtu huacha anapoona weusi unakaribia shingo ya chupa. Isidori aliipa heshima anayoijua. Bruda naye, kwa wema wake wote, alipaswa kutoa neno moja la maelezo.

Ninayemlaumu ni wewe. Umeonja, umefurahi, umeshukuru, kisha ukarudisha kizibo na kukaa kimya huku mumeo akimchukia bure mtu aliyemlea. Shukrani ya kwenye kigoda haimfikii anayestahili. Na Pantaleo mwache. Mambo ya Hispania hayajui zaidi ya mumeo, ila ana sauti kubwa zaidi.

Divai iliyobaki usiifanye ushahidi. Divai ya zamani ikishafunguliwa hupotea upesi, haingojei jibu la gazetini. Mweleze mumeo leo, mkiwa wawili, akiwa ameshakula: "Mume wangu, niliionja ilipotulia. Sijawahi kuonja kitu kama kile. Tuliitikisa, hatukujua." Kisha nyamaza, umwache aendelee na randa yake. Atakuja mwenyewe kuuliza ilikuwaje.

Mwende wote wawili uwanja wa ndege kumuaga. Bruda atauliza, kama anavyouliza kila mtoa zawadi. Msimdanganye. Isidori asimulie alivyoitikisa, na mzee aliyekaa Uchagani miaka yote hiyo atacheka kabla hajamaliza. Wewe mweleze ulichokionja, bila kuongeza chumvi. Nendeni mapema. Wasafiri huitwa ndani kabla ya muda, na mkishatenganishwa na kioo hamtasikilizana.