Wimbo wa Mwajuma, Kabla Hujausikia Redioni

Mjimwema, Songea
Jumatano

Baba yangu,

Assalam aleikum. Shikamoo, na Mama naye mpe shikamoo yangu. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na kile kifua chako kiwe kimetulia baada ya vumbi la msimu wa korosho. Mimi mwili ni mzima. Kazi ya mitambo inaendelea, wiki hii tumefunga spika kwenye harusi mbili na mahafali ya shule.

Barua hii anakuletea Shangazi Somoe. Nimemwomba akusomee yeye mwenyewe, mkiwa wawili, Tatu akiwa shuleni. Najua tangu macho yako yapungue nguvu Tatu ndiye anayekusomea barua zangu, lakini hii asiisome. Ningeweza kupiga simu. Nimepiga mara tatu, na kila ukiitika naishia kuuliza habari za mvua.

Unamkumbuka Mzee Mbwana, mpiga gitaa wa Namtumbo. Wewe ndiye uliyenifundisha kumsikiliza. Tukiwa shambani tunatenganisha korosho na mabibo, ulikuwa unatundika redio kwenye tawi, na akianza yeye unatunyamazisha wote. Ulikuwa unasema waimbaji wengine wanatufokea, huyu anazungumza na mtu mmoja. Baba, mpaka leo ndivyo alivyo. Sauti imekwaruza kidogo kwa uzee, lakini bado analiacha gitaa litangulie peke yake, halafu ndipo anatia neno, kama mtu anayejiuliza aseme au anyamaze. Anaimba Kiswahili, na Kiyao anakitia pale tu ambapo Kiswahili kimemwishia.

Tangu kiangazi kilichopita bosi wangu hunituma mimi kumfungia mitambo. Siku moja tukitokea Mbinga gari lilituharibikia, tukakaa barabarani mchana kutwa tukimngoja fundi. Mzee akaniuliza nyumbani ni wapi, tumezaliwa wangapi. Nikamwambia nilikuwa na dada. Nilikusudia kuishia hapo, lakini ana namna ya kunyamaza inayomfanya mtu aendelee. Nikamwambia yote.

Nisamehe, Baba. Nilimwambia uchungu ulimshika Mwajuma alfajiri, na shemeji alikuwa safarini. Nilimwambia Mama alitaka apelekwe Mbesa hospitali saa ileile, nawe ukasema Mama mwenyewe alituzaa wote nyumbani, basi mkunga aachiwe kazi yake. Kwamba adhuhuri damu ilikuwa haikatiki, na bado ukasema tungoje kidogo. Nikamsimulia safari ya pikipiki kwenye matope, wewe nyuma umemkumbatia ili asianguke. Na kwamba tulipofika jioni, pamoja na jitihada zote za wauguzi, aliyepona ni Tatu peke yake, nawe ukamleta nyumbani ndani ya koti lako.

Fundi alifika, tukaondoka, nikadhani yamekwisha.

Jumamosi iliyopita alipiga hapa Mjimwema, kwenye uwanja wa mpira, saa kumi jioni. Mimi nilikuwa kwenye meza ya mitambo, pembeni ya jukwaa. Shangazi alikuja na majirani zake wawili, amevaa vizuri, ana furaha. Baada ya nyimbo za zamani Mzee akasema anao wimbo mpya, watu wamvumilie akikosea.

Hakutaja jina la mtu, wala kijiji. Lakini ubeti wa kwanza tu nilijua. Ni baba anazungumza na binti yake njiani, juu ya pikipiki:

Shikilia, mwanangu, njia inakwisha,
njia inakwisha, shikilia.

Maneno hayo hayo anayarudia kila ubeti, Baba, hayabadiliki hata moja. Mara ya kwanza unayasikia kama faraja. Mara ya pili gitaa limeshuka chini, na unaanza kuelewa kwamba njia haiishi, na yule baba anajua kuwa haiishi. Nimefanya kazi ya spika miaka sita, na sijawahi kuona uwanja wa watu wazima ukikaa kimya namna ile.

Ndipo Shangazi akaja mezani kwangu. Hakupaza sauti.

"Zima hiyo mashine. Anayeanikwa pale ni kaka yangu."

Nikamwambia siwezi, ni kazi ya watu.

"Nani alimwambia?"

Nikainamia vitufe vya mitambo, na hapo akajua. Nakuambia ukweli ambao haunipi sifa yoyote, Baba. Sikuzima, kwa sababu moyoni nilikuwa naona ni haki. Miaka tisa nilikuwa nataka mtu akuambie, mradi nisiwe mimi.

Kisha ukaja ubeti wa tatu. Katika ubeti huo yupo mwanamume amesimama mlangoni tangu asubuhi. Ufunguo wa pikipiki anao mkononi, tangi limejaa, anamtazama dada yake, anamtazama baba yake, anangoja kuambiwa.

Mkono wangu ukashusha sauti. Spika zote zikazimika.

Watu walidhani umeme umekatika. Mzee Mbwana alinitazama, na hakukasirika. Alisogeza kipaza sauti pembeni, akashuka jukwaani na gitaa lake, akaendelea kuimba vilevile kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeimba kibarazani kwake. Watu wakainuka wakamsogelea ili wasikie. Akina mama waliokuwa wanauza karanga wakaacha biashara zao. Pale mezani tulibaki mimi na Shangazi tu. Alikaa juu ya boksi la spika, akajifunika uso kwa mtandio mpaka wimbo ukaisha.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mzee, nikamwuliza habari ya ufunguo kaipata wapi.

"Kwako," akasema. "Siku ile ulinieleza kila mtu alikuwa wapi. Wewe tu hukusema ulikuwa wapi."

Baba, pikipiki ilikuwa yangu. Mafuta yalikuwemo. Mama alinitazama mara mbili, na mara zote mbili nilielewa ananiomba nini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu mzima, ningeweza kumbeba dada yangu na kuondoka, kisha unigombeze baadaye. Nikakungoja wewe. Halafu nikakimbilia Songea, na kila Idi nikasema kazi zimebana, kumbe sitaki kukutazama, kwa sababu nikikutazama wewe najiona mimi. Nimekuacha ubebe peke yako mzigo ambao nusu yake ni yangu.

Sasa neno lililopo ni hili. Kuna redio hapa mkoani inautaka ule wimbo. Shangazi alisema utaua jina lako hapo kijijini, Nalasi nzima, maana hata bila kutajwa watu watakujua. Alitaka akupigie simu palepale, nikamsihi aniache niandike kwanza. Tukaenda wote wawili kwa Mzee Mbwana, na Shangazi akamweleza kwa ukali. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema hatauimba tena popote mpaka baba wa marehemu ausikie. Ukikataa, hautatoka nje ya nyumba yake. Akakaa kwenye kigoda akauimba wote upya, mimi nikaurekodi, ili ukufikie mzima na usikatike pale nilipoukata.

Shangazi amebeba memori kadi. Itie kwenye redio yako ndogo, usikilize ukiwa umetulia. Usiishie njiani, tafadhali. Ubeti wa mwisho ni wa baba anayerudi nyumbani na kitoto ndani ya koti, hajui akishike vipi, na hapo Mzee ameacha Kiswahili kabisa. Anakiita kile kitoto "mwanache" mara moja tu, halafu gitaa linabaki. Sijawahi kusikia mtu akisikitikiwa vizuri kama unavyosikitikiwa wewe pale. Hata Shangazi alisema hivyo tulipokuwa tunarudi, ingawa bado amenikasirikia.

Ninachoogopa ni Tatu. Siku moja atauliza mama yake alifaje. Mimi ningependa asikie kwa namna ile, pamoja na wewe, na mimi nikiwepo. Lakini neno langu lisizidi lako. Mwajuma alikuwa mwanao kabla hajawa dada yangu.

Nisalimie Mama sana, mwambie kanga alizoagiza anazo Shangazi. Mjomba anayetuangalizia mikorosho naye msalimie. Na Bi Asumini mkunga, ambaye nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisipite mbele ya nyumba yake, mfikishie shikamoo yangu. Tatu mpe mkono.

Nimeomba ruhusa kazini na nimekata tiketi ya basi la Jumapili. Jibu lako liwe lolote, hata ukiwa umefunga mlango, nitakaa hapo nje mpaka ufungue.

Mwanao,
Rashidi